Wakala anataka nimtafutie wasichana wa kwenda Saudia, nami nina deni

Mshauri, pokea salamu zangu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kayole. Jambo hili siwezi kulizungumza na mtu wa hapa mtaani leo bila kesho kulisikia kwa mama mboga, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nilifanya kazi ya nyumbani Riyadh kwa miaka miwili na ushei, nikarudi mwaka jana mwezi wa nane. Nyumba niliyopata haikuwa kama zile mbaya ambazo watu husimulia. Sikupigwa. Chakula nilikula. Nilikuwa nikilala kwenye chumba cha kufulia, godoro limebanwa kati ya mashine na ukuta, na mwezi wa Ramadhani ile mashine ilinguruma hadi saa za daku. Siku ya mapumziko sikuijua. Lakini mwaka wa kwanza mshahara ulifika kila mwezi, riyali 900, na kwa pesa hizo nilimjengea mama nyumba ya mabati ya vyumba viwili kule Kitui na kumlipia karo kifungua mimba wangu. Siwezi kusema Saudia haikunisaidia.

Mwaka wa pili madam akaanza kuniambia nitalipwa mwezi ujao. Kila mwisho wa mwezi aliniletea daftari nitie sahihi kwamba nimepokea. Mara ya kwanza nilikataa. Akaniambia ataniandikisha hurubu, yaani aripoti kwamba nimetoroka kazini, nikamatwe. Nikatia sahihi. Nilipoondoka nilikuwa nadai mishahara ya miezi mitano, riyali 4,500, ambazo kwa pesa zetu ni zaidi ya laki moja na nusu. Watu wa maktab, ile ofisi ya ajensi ya huko, waliniambia nipande ndege tu, pesa zitatumwa kupitia wakala aliyenipeleka kutoka hapa Nairobi.

Hadi leo hazijatumwa. Nimepanda ngazi za ofisi ya huyo wakala hadi bawabu ananiita kwa jina. Kila nikienda nawakuta wasichana wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na bahasha yake ya kaki mapajani, na nikiwatazama najiona mwenyewe.

Mwezi uliopita mwenye ofisi aliniita ndani, akaniagizia chai. Akasema mimi ni mtu wa maana, nimemaliza mkataba na kurudi salama, kwa hiyo wasichana wataniamini kuliko tangazo lolote. Kwa kila msichana nitakayemletea, mwenye pasipoti na aliyepita vipimo vya afya, atanilipa shilingi 15,000. Halafu tukiwa tunaagana akaongeza kwamba ile pesa yangu ya Saudia sasa itafuatiliwa vizuri, maana nitakuwa mtu wao.

Mshauri, nina deni la chama, shilingi elfu themanini. Aliyeniwekea dhamana ni jirani yangu, na binti yake wa miaka 23 anataka kwenda Saudia. Mama huyo ameniomba nimtafutie njia kwa sababu, kwa maneno yake, mimi nilienda nikarudi na nyumba. Ukweli ni kwamba habari ya miezi ile mitano sijamwambia mtu. Nilirudi na masanduku na zawadi, watu wakaja kunisalimia, nikashikwa na aibu. Hata mama yangu anadhani nina pesa benki.

Nikiwaza upande mmoja, naona wasichana hawa wataenda tu. Nikikataa mimi, watapelekwa na mtu asiyejua lolote. Mimi angalau ningewaeleza mambo ya kule. Tena mimi si ajensi, ningekuwa nawaonyesha mlango tu. Nikiwaza upande wa pili, lile daftari linanijia usiku. Na sahihi ni yangu, kwa hiyo pengine hata hiyo pesa sina haki nayo, najidanganya. Mwenye ofisi anataka jibu Jumamosi. Nifanyeje?

Mama Wawili, Kayole

*

Mama Wawili, dada yangu,

Asante kwa kunieleza habari ambayo hata mama yako hajaisikia. Nianze na aibu, kwa sababu naona ndiyo inayokukaba zaidi kuliko deni. Ulifanya kazi miezi mitano bila malipo chini ya kitisho cha kukamatwa. Aibu hiyo si yako kuibeba. Naelewa kwa nini uliificha. Mtu akirudi kutoka ng'ambo mtaa mzima humpokea kama aliyeshinda, na ni vigumu kufungua sanduku la zawadi huku ukisema kwamba umedhulumiwa. Lakini tazama kimya hicho kimezaa nini. Jirani yako anaamua juu ya mwanawe kwa kuangalia nusu ya hadithi yako, na mwenye ofisi anataka kuiuza nusu hiyohiyo.

Nikikuelewa vizuri, una mambo matatu ambayo mwenye ofisi ameyafunga kamba moja: mshahara unaodai, kamisheni unayoahidiwa, na binti wa jirani. Ukiyafungua utayaona tofauti. Mshahara ule uliutolea jasho Riyadh. Hautegemei wewe kuwa mtu wao au kutokuwa. Kama wakala anaweza kuufuatilia baada ya wewe kumletea wasichana, basi angeweza kuufuatilia tangu ulipopanda ngazi zake mara ya kwanza. Ningependa ulitafakari hilo kabla ya kufikiria kamisheni.

Unasema kwa kuwa ulitia sahihi huenda huna haki. Mimi sina hakika kwamba umefika hapo. Sahihi aliyotia mtu akitishiwa kukamatwa haina uzito ule wa sahihi ya hiari, na daftari la madam si ushahidi pekee uliopo duniani. Mwaka wa kwanza ulikuwa ukituma pesa nyumbani. Rekodi za kutuma pesa zitaonyesha zilivyokuwa zikija, kisha zikakatika. Huenda uliwahi kumtumia dada au rafiki ujumbe wa sauti ukilalamika. Usiufute. Na nakala ya mkataba unayo? Kama hunayo, ni haki yako kuidai.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uwe wa maandishi na uthibitishwe na afisa wa leba, ambaye anapaswa kujiridhisha kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari na hakudanganywa. Na kama mwajiri haishi Kenya, sheria inataka iwekwe dhamana ya kuhakikisha mkataba unatimizwa. Waliotunga kipengele hicho walijua kwamba mama wa Kayole hawezi kumfuata madam wa Riyadh mahakamani, ndiyo maana wakataka kuwe na kitu cha kushika huku nyumbani. Swali ni kama kwako kilifuatwa. Ulikaa mbele ya afisa wa leba akakueleza mkataba wako, au ulipewa karatasi siku ya safari ukaonyeshwa pa kutia sahihi? Jibu lake litakusaidia kujua unamdai nani.

Ofisi za Wizara ya Kazi ziko Social Security House, Bishops Road. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ndiyo inayosajili mawakala, na unaweza kuuliza huko kama huyu wako amesajiliwa na kupeleka malalamiko dhidi yake. Shirika la Kituo cha Sheria na lile la mawakili wanawake, FIDA, huwasaidia wasio na pesa za wakili. Chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA kinajua kesi za wafanyakazi wa nyumbani. Sitakuficha: njia hii ni ndefu, inakula nauli na subira, na hakuna atakayekuapia kwamba riyali zako zitarudi zote. Mwenye ofisi naye hatafurahi. Ila kumbuka pia kwamba kwa kawaida dai la mkataba wa kazi lina ukomo wa miaka 3. Miezi yako inahesabika, na kila mwezi unaousubiri kwa ahadi yake ni mwezi anaoupata yeye.

Sasa kamisheni. Unasema ungekuwa unawaonyesha mlango tu. Nakuuliza kwa upole: kama kazi ni kuonyesha mlango, mbona akulipe 15,000? Mabango yapo, mitandao ipo, wasichana wamejaa kwenye benchi lake. Anachonunua kwako ni kurudi kwako. Ananunua ile nyumba ya Kitui. Na mtu akishalipwa kwa sababu ya sehemu nzuri ya safari yake, ile sehemu ya daftari huwa ngumu kuitamka. Unaamini ungewaeleza wasichana ukweli. Nami naamini una nia hiyo. Lakini jiweke pale ofisini, msichana amekuja na bahasha yake, wewe umekopa chama, mwenye ofisi ameketi mezani. Ungemwambia kwamba hukulipwa miezi mitano? Na kama angeghairi, ungefurahi au ungehesabu kilichokuponyoka? Kwa kiwango ulichotajiwa, deni lako la elfu themanini ni wasichana sita. Sisemi hivyo ili nikulaumu. Umekuwa ukizihesabu shilingi, na ni vyema ujue pia hesabu ya watu.

Jiulize vilevile pesa hiyo inatoka kwa nani. Kwa kawaida familia ya Saudia inayomchukua mfanyakazi ndiyo hulipa ajensi gharama za kumleta. Shirika la Kazi Duniani limesema tangu Mkataba wake nambari 181 wa mwaka 1997, na tena katika miongozo yake ya mwaka 2016, kwamba mfanyakazi asitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Sasa kama wasichana wa pale ofisini wanalipishwa fomu, vipimo na mafunzo, au mshahara wao wa mwanzo unakatwa, basi kuna uwezekano kwamba 15,000 yako itatoka kwenye jasho la msichana uliyemleta. Muulize mwenye ofisi waziwazi nani analipa nini. Ukiona anakwepa, hilo nalo ni jibu.

Kuna upande wa sheria pia, na nautaja ili usije ukaambiwa ukiwa umeshachelewa. Sheria hiyohiyo ya Ajira inamhesabu kuwa na kosa mtu anayemshawishi mwenzake kwenda kufanya kazi nje bila mkataba halali wa nje, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi 200,000 au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Sheria ya kupambana na biashara haramu ya binadamu ya mwaka 2010 ni kali zaidi sana: pale mtu anapomsajili mwenzake kwa udanganyifu ili akanyonywe, adhabu inaanzia miaka 30 jela au faini ya shilingi milioni 30. Simwiti wakala wako mlanguzi, simjui. Lakini mambo yakiharibika, anayejulikana mtaani kwa sura na kwa mlango ni wewe, wala si yeye.

Hoja yako kwamba wataenda tu ina ukweli mwingi, na wanaoidharau hawajui Nairobi. Mwaka 2014 serikali ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Ghuba na kufuta leseni za mawakala 930. Wasichana hawakuacha kwenda. Wengine walizungukia nchi jirani, wakafika bila karatasi wala mtu wa kuwatetea. Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba ukikataa binti wa jirani atabaki Kayole. Ninachokuomba utofautishe ni kwenda kwake na kulipwa kwako. Anaweza kwenda bila wewe kupata senti, na anaweza kupata ushauri wako wote bila kupitia kwa yule mtu.

Tena nina wasiwasi na wazo kwamba ukimweleza mambo ya kule atakuwa salama. Wewe mwenyewe ulikuwa mjanja, mchapakazi, na bado ulitia sahihi. Haukuwa ujinga. Chini ya utaratibu wa kafala, ule unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini, ikama yako, yaani kibali cha kuishi huko, ilikuwa mikononi mwa mwajiri, na neno lake moja lingekufanya mhalifu. Saudia ilipolegeza masharti hayo tarehe 14 Machi 2021, ikawaruhusu wafanyakazi wa kampuni kubadilisha mwajiri, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Kanuni zao za mwaka 2013 zilitaja siku moja ya mapumziko kwa wiki na saa 9 za kupumzika kila siku. Wewe hiyo siku hukuiona. Mwezi wa Mei 2025 Amnesty International ilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake zaidi ya 70 wa Kenya waliofanya kazi Saudia, na ukiisoma utajikuta humo. Mwaka 2021 wabunge wetu waliambiwa kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa huko katika muda wa miaka miwili hivi. Hakuna rafiki wa mtaani, hata awe mwema kiasi gani, anayeweza kuziba pengo hilo kwa kumpa msichana mawaidha. Linazibwa na mikataba inayosimamiwa, dhamana inayowekwa kweli, ubalozi unaopokea simu, na wakala anayejua kwamba akimtelekeza mtu atapoteza leseni. Malalamiko yako, yakiandikwa na kupigwa muhuri, ni sehemu ya hayo.

Je, ipo njia ya katikati? Pengine. Unaweza kumwambia mwenye ofisi kwamba utafanya naye kazi endapo kila mkataba utapitia kwa afisa wa leba, msichana hatatozwa, na mshahara wako utalipwa kwanza. Huenda akakubali. Hata hivyo hutaijua nyumba ambayo msichana atapelekwa, na akipiga simu usiku analia atakupigia wewe. Pia ukishakula kwenye meza yake, dai lako dhidi yake litakuwa gumu kulisimamia. Yapime mwenyewe, wewe ndiye unayejua deni linavyouma.

Kuhusu deni hilo, je, umewahi kukaa na wanachama wenzako ukawaeleza kwamba una pesa uliyodhulumiwa na unaifuatilia? Vyama vingi hukubali kuongeza muda au kupunguza kiwango cha kila mwezi mtu akija mwenyewe kabla hajatafutwa. Utalipia kwa aibu kidogo, na huenda maneno yakazunguka. Lakini pia utakuwa umemwondoa jirani yako kwenye giza, maana naye amekuwekea dhamana akiamini una akiba benki.

Na huyo binti? Ana miaka 23, ni mtu mzima. Ningependa uzungumze naye mwenyewe, mbali na mama yake, si kumkataza bali kumwonyesha yale ambayo wewe hukuonyeshwa. Mweleze habari ya daftari. Anaweza kukasirika, akasema wewe umeshajenga na hutaki wengine wajenge. Jiandae kwa hilo, wengi waliorudi wameambiwa hivyo. Akiamua kwenda, kuna mambo anayoweza kuyashikilia: wakala awe kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, mkataba ausome kwa lugha anayoijua kabla ya tiketi kukatwa, jina na simu ya mwajiri zibaki nyumbani, nambari ya ubalozi wetu Riyadh aikariri asitegemee simu ambayo inaweza kuchukuliwa. Aulize pia mshahara utalipwaje. Kuanzia Julai 2024 Saudia ilianza kuwataka waajiri wenye mikataba mipya ya kazi za nyumbani walipe kielektroniki kupitia mfumo wao wa Musaned. Akiambiwa atapewa pesa mkononi na kutia sahihi kwenye daftari, wewe unajua maana yake kuliko mtu yeyote hapa.

Jumamosi ni tarehe aliyoiweka mwenye ofisi. Huna wajibu wa kuwa na jibu siku hiyo. Ukiamua kwenda, nenda na mtu unayemwamini, omba nakala ya mkataba wako, na umtake akuandikie kwenye karatasi dai lako la riyali 4,500 limefikia wapi. Usitie sahihi chochote pale mezani. Chukua karatasi ukaisome nyumbani. Akikuagizia chai tena, kunywa ukitaka, lakini neno kuhusu wasichana liache hadi umepata maandishi hayo. Ukishayapata, au ukinyimwa, niandikie tujue tunaelekea ofisi gani kwanza.

Mshauri wako